Mahakama inamhukumu mtu, au inahukumu jinsia yake?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Tanzania kwa miaka 17, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuandika taarifa za uchunguzi wa kijamii kuhusu watoto waliofikishwa mahakamani. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi, kwa sababu kila nikianza kuandika nakumbuka kesi moja ya mwaka 2018 na moyo unakuwa mzito. Mahali na majina nitayaficha, kwa kuwa wahusika wangali hai na wana haki ya kuachwa wapumzike.

Kijana alikuwa kidato cha nne, msichana kidato cha tatu, wote wa shule moja ya kata. Uhusiano wao ulikuwa umezidi mwaka mmoja na haukuwa siri kwa mtu yeyote. Wanafunzi walipopimwa baada ya likizo ya Juni na msichana akakutwa mjamzito, mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja: yeye alifukuzwa shule, na kijana akakamatwa darasani mbele ya wenzake. Alifikishwa mahakamani kwa mashtaka mawili, la kubaka na la kumpa mimba mwanafunzi. Kwenye hati ya mashtaka umri wake uliandikwa kuwa miaka 18.

Tarakimu hiyo ndiyo iliyobeba maisha yake yote. Kwa mujibu wa kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka ni kosa ambalo mwanamume humtendea msichana au mwanamke, na msichana akiwa chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiki. Adhabu yake, chini ya kifungu cha 131, ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote isipungue miaka 30 pamoja na viboko. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo iliongezewa kifungu cha 60A, kinachompa miaka 30 mtu yeyote anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa hiyo kijana mwenye miaka 17 na miezi 11 anakwenda mahakama ya watoto, ambako hafungwi, na mwenzake aliyemzidi kwa mwezi mmoja anaweza kukabiliwa na miaka 30.

Na msichana? Yeye hakushtakiwa popote, wala hakupata wakili au nafasi ya kusikilizwa. Adhabu yake ilikuwa imekwisha kuandaliwa katika utaratibu wa shule, na utaratibu huo uliendelea hadi tarehe 24 Novemba 2021, siku ambayo Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mmoja aliadhibiwa na mahakama kwa sababu ni mwanamume, na mwenzake aliadhibiwa na shule kwa sababu mwili wake ndio uliotoa ushahidi.

Hoja yangu ni kwamba watoto hawa wawili waliumizwa na picha moja. Lugha yetu husema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kanuni ya Adhabu, ingawa ililetwa na wakoloni kwa lugha yao, ilikuja na picha iyo hiyo ya mtenda na mtendwa, ikapata makao mazuri kwetu. Mwanamume ndiye anayetenda, kwa hiyo kosa ni lake. Mwanamke ndiye anayetendwa, kwa hiyo anahurumiwa maadamu anabaki ndani ya picha hiyo. Angalieni hata viboko: sheria inakataza kumchapa mwanamke yeyote, lakini mwanamume ambaye mahakama haioni kwamba amepita miaka 45 anaweza kuchapwa. Sidai kwamba wanawake nao wachapwe. Ninauliza kwa nini mwili wa mvulana unahesabiwa kuwa unastahimili kile ambacho sisi sote tunakiona kuwa ni ukatili kwa dada yake.

Kuna jambo lingine ambalo sijaweza kulipatia maelezo tangu nianze kazi hii. Kifungu hicho hicho cha 130 kinamwondoa katika kosa mwanamume ambaye msichana huyo ni mkewe mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwezi Oktoba 2019. Mfikirieni mwanamume wa miaka 40 aliyemuoa msichana wa miaka 16 aliyekwisha kuacha shule, halafu mfikirieni mvulana wa miaka 18 aliyempenda mwenzake wa darasa la nyuma yake. Kwa maandishi hayo, wa kwanza ni mume na wa pili ni mbakaji.

Mchangiaji wa 2

Ninaandika kutoka Kisumu, Kenya, na ninashukuru kwa uzi huu. Huku kwetu maneno ya sheria ni tofauti, lakini yanayotendeka yanafanana mno na hayo uliyoyaeleza.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haisemi mwanamume wala mwanamke. Katika kosa la kunajisi, kifungu cha 8 kinazungumzia mtu yeyote anayefanya tendo la ngono na mtoto: ikiwa mtoto ana miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha, kati ya miaka 12 na 15, si chini ya miaka 20, kati ya miaka 16 na 18, si chini ya miaka 15. Kwa karatasi, basi, watoto wawili waliolala pamoja kwa hiari wamevunja sheria wote wawili. Lakini anayeletwa kizimbani ni mvulana. Mimi nimekuwa nikifuatilia kesi hizi kwa kazi yangu, na sijawahi kuona hata moja ambayo msichana alisimama kando yake kama mshtakiwa.

Suala hili lilifika Mahakama Kuu zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 mjini Eldoret, mvulana aliyeshtakiwa kwa kitendo kilichofanywa na watoto wawili aliomba vifungu hivyo vitangazwe kuwa vya kibaguzi, na ombi lake likakataliwa. Mwaka 2017 huko Homa Bay mahakama iliangalia upande mwingine wa jambo hilo. Haikujishughulisha sana na maneno ya sheria. Iliangalia uamuzi wa kumshtaki mmoja na kumwacha mwingine, ikaona kwamba huo ulikuwa ubaguzi kwa sababu ya jinsia. Ninaona tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu inatuonyesha upendeleo unaingilia wapi. Unaingia kabla ya hakimu hajaona faili, pale afisa wa polisi anapoamua nani aandikwe mshtakiwa na nani aandikwe mlalamishi.

Mwezi Machi 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa, walipomwachilia kijana aliyekuwa akiishi kama mume na mke na msichana aliyekaribia miaka 18, walisema wazi kwamba magereza yetu yamejaa vijana wanaotumikia vifungo virefu kwa mahusiano ya aina hii, na kwamba nchi inapaswa kulijadili jambo hilo kwa uzito. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba adhabu za chini zilizowekwa na sheria hiyo zinabaki, na kwamba kuzibadilisha ni kazi ya Bunge. Mjadala ule walioutaka majaji wa 2019 umerudi mezani kwa wabunge, ambao wengi wao wanaogopa kuonekana wanawatetea wanajisi.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mama wa mabinti watatu, na nimesoma maandishi yenu yote mawili nikiwa na uchungu. Ninawasihi mkumbuke ni kwa nini sheria hii ikawa kali. Kabla ya mwaka 1998 mwanamume aliyeharibu maisha ya mtoto wa mtu alikuwa akilipa mbuzi wawili, wazee wanakaa kikao, na mambo yanakwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la sita wakati mwenzangu wa dawati moja alipoharibiwa na mtu mzima mwenye duka, na nilimwona mtu yule akiuza sukari kama kawaida mwezi uliofuata. Miaka 30 iliwekwa ili kikao cha namna hiyo kisiwezekane tena.

Mkianza kumhurumia mvulana wa kidato cha nne, mwenye duka naye atajificha nyuma yake. Atasema na yeye alipenda, na yeye alidanganywa umri. Hakimu mkimrudishia uwezo wa kupunguza adhabu, mjue kwamba mnamrudishia pia mtu wa kumfuata usiku nyumbani kwake akiwa na bahasha.

Mchangiaji wa 4

Ninamheshimu mama aliyeandika hapo juu, lakini ningependa tuutazame upendeleo ulio upande wa pili, ambao mleta uzi ameugusa kwa mstari mmoja tu. Mtu yeyote anayesoma habari za mahakamani amekutana na sentensi hii mara nyingi: mshtakiwa aliomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ana mtoto anayenyonya. Mwanamume naye anasimama na kusema ana watoto watano wanaomtegemea, na maneno yake yanapita kama upepo. Mwaka 2012 mtafiti Sonja Starr wa Chuo Kikuu cha Michigan alichambua kesi za jinai za mahakama za shirikisho za Marekani, akalinganisha watu waliokamatwa kwa makosa yanayofanana na wenye historia zinazofanana, akakuta kwamba wanaume walipewa vifungo virefu kuliko wanawake kwa wastani wa asilimia 63, na kwamba wanawake waliotiwa hatiani walikuwa na nafasi karibu mara mbili ya kuepuka kifungo kabisa. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye miongozo ya adhabu iliyoandikwa kwa kina, kwa nini tuseme kwamba mwanamke naye anaonewa?

Mleta uzi

Nimeyasoma yote, na nitajibu kwa kuanza na ndugu yangu wa nne, halafu nimrudie mama.

Utafiti huo ninaukubali, na huruma unayoisema nimeiona kwa macho yangu. Lakini tazama inamwangukia nani. Sentensi uliyoinukuu haisemi kwamba mshtakiwa ni mwanamke. Inasema kwamba ni mama. Kanuni ya Adhabu nayo inafuata njia hiyo hiyo. Mwanamke aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia akithibitika kuwa mjamzito hahukumiwi kifo, anahukumiwa kifungo cha maisha. Kifungu cha 199 kinamtazama mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa bado imevurugika kwa sababu ya kujifungua au kunyonyesha, na kinamwadhibu kana kwamba ameua bila kukusudia. Vifungu hivi ni vya haki, na nisingependa hata kimoja kiguswe. Ninachosema ni kwamba mlango wa huruma umefunguliwa kwa kipimo cha tumbo na ziwa, na mwanamke anayekosa kwa sababu nyingine, kama mtu mzima mwenye hasira, hofu au tamaa zake, anaukuta mlango huo umefungwa.

Chukua mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka kumi, kisha usiku mmoja akamuua. Vifungu vya 201 na 202 vinageuza mauaji ya kukusudia kuwa ya bila kukusudia pale mtu anapochokozwa na kuua kwa hasira ya ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Kihistoria, mfano uliozoeleka wa uchokozi huo mahakamani ni mume anayemfumania mke. Kipimo hiki cha ghafla kimekatwa kwa kufuata mwili wa mwanamume, mwenye nguvu za kujibu papo hapo. Mwanamke anayejua kwamba akijibu papo hapo atauawa yeye husubiri, na kusubiri kwake ndiko upande wa mashtaka unakokuita kupanga. Akishatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, kifungu cha 197 kinatamka adhabu moja tu, yaani kifo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilikwisha kusema tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa inakiuka haki ya kuishi. Watu wetu hawajanyongwa tangu miaka ya 1990, lakini kusubiri ndani ya sehemu ya waliohukumiwa kifo ni adhabu inayojitegemea.

Waingereza, ambao sheria yao ndiyo mama wa hii yetu, walilazimika kuliangalia jambo hili. Kiranjit Ahluwalia alimmwagia mumewe petroli na kumchoma mwezi Mei 1989, baada ya miaka kumi ya mateso, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1992 hukumu hiyo ilitenguliwa na akaachiwa huru baada ya kukubaliwa kwamba aliua bila kukusudia. Sheria waliyoitunga mwaka 2009 iliondoa utetezi wa zamani wa kuchokozwa, ikaweka wa kupoteza uwezo wa kujizuia, na ikasema bayana kwamba si lazima jambo hilo liwe la ghafla. Sisi tumebaki na maneno waliyoyaacha wao wenyewe.

Tukiacha mauaji, yapo makosa ambayo humfikia mwanamke peke yake, au humfikia kwanza. Kutoa mimba kwa mujibu wa kifungu cha 151 ni kosa la mwanamke mwenyewe, adhabu yake ni hadi miaka saba. Anayemsaidia anafikia miaka 14. Aliyempa mimba akamkana na kukimbilia mkoa mwingine hayumo katika mashtaka hayo, isipokuwa akithibitika kwamba alishiriki. Nimewahi kukaa na msichana wa kazi za ndani aliyekuwa mahabusu kwa kosa la kuficha uzazi, na katika taarifa yote ya polisi baba wa mtoto hakutajwa hata kwa jina, ingawa kila jirani alimjua.

Ndani ya gereza hali inazidi. Wanawake ni chini ya asilimia 10 ya wafungwa duniani, kwa hiyo magereza yao ni machache, na uchache huo unamaanisha umbali. Mwanamume anafungwa wilayani kwake na mkewe anamletea chakula. Mwanamke anapelekwa mbali, na mumewe, mara nyingi, haonekani tena. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2010, zinataka mwanamke afungwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, na mahakama zifikirie kwanza adhabu za nje kwa wajawazito na walezi wa watoto wadogo. Nchini Kenya mtoto anaweza kukaa gerezani na mama yake hadi atimize miaka minne. Baba mlezi, hata akiwa mjane, sheria haimfikirii kabisa, na hapo, ndugu yangu wa nne, ninakuunga mkono kwa moyo wote.

Sasa mama yangu mwenye mabinti. Mwenye duka huyo ninamjua, kila wilaya niliyofanya kazi nilimkuta, na sitaki apungukiwe hata siku moja ya ile miaka 30. Lakini sheria iliyoandikwa kwa ajili yake haimtofautishi na mtoto. Ninaomba Bunge liandike tofauti hiyo yenyewe, kwa miaka inayohesabika: kama wote wawili ni vijana na umri wao haujapishana zaidi ya miaka miwili au mitatu, na hakuna nguvu wala vitisho wala mamlaka ya mmoja juu ya mwingine, shauri liende ustawi wa jamii badala ya kwenda kwa mwendesha mashtaka. Pengo la umri halipunguzwi kwa bahasha. Mwenye duka wa miaka 35 hawezi kulipita.

Kuhusu bahasha nitaongeza jambo moja, kwa sababu limeniuma siku nyingi. Adhabu isiyopunguzika haikumaliza vikao vya wazee. Ilivihamishia mbele zaidi, kabla ya kesi kufunguliwa. Wazazi wa msichana wakijua kwamba kijana wa jirani atakwenda miaka 30, wengi wao hawafiki mahakamani kutoa ushahidi, na shauri linafutwa. Mwenye fedha anawahi kuwafuata nyumbani. Anayefungwa ni yule ambaye baba yake hakuwa na ng'ombe wa kuuza.

Mchangiaji wa 3

Hilo la mashahidi kutofika ninalijua, na sikulifikiria kwa namna hiyo. Juu ya pengo la miaka miwili au mitatu bado sijakubali, ila nitalitafakari. Naomba uniambie, wale watoto wawili waliishia wapi? Umetuacha kijana akiwa na miaka 18 kwenye hati ya mashtaka.

Mleta uzi

Umri ule aliuandika askari kwa kukadiria, kwa kuwa kijana hakuwa na cheti cha kuzaliwa na alikuwa mrefu. Baba yake alisafiri siku mbili hadi kijiji alichozaliwa, akarudi na kadi ya kliniki iliyokuwa imehifadhiwa na bibi ndani ya sanduku, imeliwa na mchwa upande mmoja, lakini tarehe ilisomeka. Siku ya tukio alikuwa na miaka 17 na miezi 10. Shauri lilihamishiwa mahakama ya watoto, nikaandika taarifa yangu, na akaachiwa kwa masharti ya kuwa chini ya uangalizi wa ofisi yetu kwa miezi 12. Alikuwa amekwisha kukaa mahabusu miezi mitano pamoja na watu wazima na kukosa mtihani wa kidato cha nne, akaufanya mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Msichana alijifungua mtoto wa kike mwezi Februari 2019. Tangazo la kurudi shuleni lilipotoka, alikuwa na miaka 20 na cherehani ya kukodi sokoni. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ruhusa hiyo inawahusu pia waliofukuzwa zamani, nikamjibu kwamba anaweza kuomba. Akasema atafikiria, akaendelea kushona sare za shule za watoto wa watu, kwa kuwa zilitakiwa Jumatatu.